Gesi Haijaisha, Hajati

Huku Bugembe tuko jirani kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo hatuna majira ya joto kama ya Ulaya. Joto letu ni la kiangazi, Desemba hadi Februari, mvua zikikata na vumbi la barabara ya Iganga likitanda hadi juu ya mabati. Huo ndio msimu wangu wa mavuno. Simu inalia kabla sijanywa chai: "Fundi, eesii haipozi, njoo na gesi."

Siku hizi kila mtu ni daktari wa eesii, na ugonjwa anaoujua ni huo mmoja.

Februari iliyopita alinipigia Hajati mmoja ambaye nyumba yake inatazama barabara kuu, yanakopita malori ya miwa yakielekea Kakira. Mashine yake ni ya BTU 12,000, mwaka wa nne huu iko chumbani. Ndani ya miezi kumi na miwili ilikuwa imejazwa gesi mara tatu na mafundi tofauti.

"Inakula kama gari, mwanangu," aliniambia.

Gesi ya eesii hailiwi. Si petroli, wala si mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: chumbani inabeba joto, nje inalitua, kisha inarudi kubeba tena. Mashine haitengenezi baridi, inahamisha joto tu, kama wavuvi wa Masese wanavyochota maji yaliyoingia mtumbwini na kuyamwaga ziwani. Mabomba yakiwa mazima, gesi iliyotoka nayo dukani ndiyo itakayozeeka nayo. Ikipungua, pana tundu, na anayejaza bila kulitafuta tundu anatia maji kwenye pakacha. Inayovuja nayo haipotei bure. Ile iitwayo R410A hupasha dunia joto mara 2,000 hivi kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana hapo Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua.

Nami nisijifanye malaika. Nilipokuwa kijana Mombasa, nilikojifunzia kazi hii na Kiswahili hiki, niliwauzia gesi watu ambao yao haikupungua hata kidogo. Ndiyo njia ya mkato ya kulipwa: unafunga mpira, sindano inapanda, mteja anaona kazi.

Kwa Hajati sikuanza na mtungi. Nilizima swichi ya ukutani, nikafunua uso wa mashine ya ndani na kutoa filta. Vumbi na nyuzi za zulia vilikuwa vimeganda juu yake kama shuka ya kijivu. Nikaiinua juani, mwanga haukupita. Filta hiyo huoshwa kwa maji na sabuni kila wiki mbili wakati wa kiangazi, ikakaushwa kivulini. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya kazi hiyo, wala haina haja ya kuniita mimi.

Msiba wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba. Mashine ya nje ina mapezi ya alumini, membamba kama karatasi, mamia kwa mamia, na joto lote la chumbani hutokea hapo. Ya Hajati yalikuwa meusi. Jivu jepesi la mashamba ya miwa yaliyochomwa lilikuwa limeingia katikati ya mapezi, vumbi likalifuata, umande ukavikandika pamoja. Nilipaka povu, nikangoja, nikamimina maji taratibu kutoka ndani kwenda nje. Yalitoka kama kahawa, kisha kama chai ya maziwa, na kwenye jerikeni ya nne ndipo yakatoka maji. (Tafadhali usimwite kijana wa kuosha magari na pampu yake. Pampu ile hulaza mapezi yote kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, halafu mimi nakesha nayanyoosha kwa kitana.)

Kwa mteja mmoja wa Mbale nilikuta kinyume chake: mapezi yanang'aa, mashine inachemka. Mwenye nyumba, kwa kuogopa wezi, alikuwa ameifungia ndani ya sanduku la mabati. Ikawa inavuta pumzi yake mwenyewe, kompresa inajizima kila baada ya dakika chache. Tukabomoa mabati, tukaweka nondo. Nikamwambia pia kwamba usiku, upepo ukishuka kutoka mlima Wanale, afungue dirisha lenye wavu na kuizima kabisa. Hilo halikumpendeza, alikuwa amenunua mashine.

Rimoti ya Hajati ilikuwa kwenye 16. Wengi hudhani hapo chumba kitapoa upesi zaidi. Kwa mashine kama yake, isiyo ya inveta, kasi ni ileile. Kinachobadilika ni kwamba kompresa haipumziki. Mashine ya ukubwa huo ikifanya kazi mfululizo hula karibu yuniti moja kwa saa. Toka kwake hadi bwawa la umeme la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, ni kilomita chache tu, lakini mita ya umeme ya Yaka haijui ujirani. Tukaiweka kwenye 25, tukashusha pazia zito kwenye dirisha la magharibi, na ufa wa chini ya mlango tukauziba kwa kanga ya zamani iliyokunjwa.

Kabla ya kuosha nilikuwa nimepima umeme: ampea 6.8. Baada ya kuosha, 5.9. Bado ilikuwa juu. Nikafunga geji, na hapo nikaelewa: gesi ilikuwa imezidi. Mara tatu zote alilipia kitu ambacho mashine haikukihitaji, nayo ikawa inasukuma mzigo. Nikaipunguza kidogo kidogo kuingia kwenye mtungi mtupu hadi ampea zikashuka kufika 4.9, na chumbani baridi ikaanza kutambaa sakafuni.

Hajati alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, akihesabu.

"Maji yangu, sabuni yangu," alisema. "Gesi yangu nayo iko kwenye mtungi wako. Sasa fundi, nani anamlipa mwenzake?"