Pikapu Kuukuu, Injini Nyingine: Yafaa Kufikiria Nini Kabla ya Kutoa Pesa

Vikundi vingi katika parokia zetu vina pikapu moja iliyolala. Mara nyingi ni Toyota Hilux ya miaka ya 80 au ya mwanzo wa miaka ya 90. Ilinunuliwa kwa harambee, ikabeba maziwa, mahindi, mbolea, viti vya harusi na hata majeneza, mpaka siku injini ilipokataa. Sasa imesimama nyuma ya kanisa au kwa mwenyekiti na kuku wanatagia ndani yake. Kila mkutano wa mwaka swali ni lile lile: tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, au tuiwekee injini nyingine itembee?

Gari la namna hii linaweza kufufuliwa, tena nyumbani, na fundi wa jua kali mwenye spana nzuri na subira. Hilo limefanyika mahali pengi. Lakini injini siyo kitu cha kwanza cha kuangalia. Pesa za wanachama hupotea pale kamati inapopanda basi kwenda Nairobi kununua injini kabla mtu yeyote hajalala chini ya gari na tochi.

Chini ya gari kwanza

Hilux imejengwa juu ya chesisi, yaani vyuma viwili virefu vinavyotoka mbele hadi nyuma, na kabini pamoja na bodi ya mizigo hufungwa juu yake kwa bolti. Hii ndiyo sababu pikapu hufufuliwa kwa urahisi kuliko salun. Bodi ikioza unaweza kuifungua ukafunga nyingine. Chesisi ikioza, umebaki na chuma cha kuuza kwa kilo.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi pole pole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti nzito kama ya debe lenye udongo. Angalia zaidi pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, nyuma ya kabini, na kila mahali ambapo matope hukaa. Kama pikapu ilikuwa inabeba ng'ombe au mbolea ya chumvi chumvi, usiamini rangi inayoonekana. Mkojo wa ng'ombe na mbolea hula chuma kutoka ndani. Walio Pwani wana shida hiyo hiyo kutokana na hewa ya bahari. Bisibisi ikipenya karibu na mahali pa springi, mimi ningeshauri kikundi kisimame hapo hapo. Kuna mafundi watakaosema wataweka kiraka wachomelee. Kiraka kwenye bodi ni sawa. Kiraka cha kubahatisha kwenye chesisi inayobeba tani moja ya mahindi na dereva mwenye familia, hiyo si sawa.

Tafuta pia namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na uilinganishe na logbook. Kama haisomeki, au hailingani, shughulikia jambo hilo kabla ya kununua hata nati moja. Na mchomeleaji aambiwe mapema: mahali pale pasiguswe, pasisagwe, wala pasifunikwe.

Baada ya chesisi, breki. Gari lililosimama miaka mitano haliwezi kuwa na breki nzuri hata kama liliegeshwa likiwa na breki nzuri. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, nayo maji huleta kutu ndani ya paipu na kugandisha pistoni ndogo za magurudumu. Mipira hupasuka. Kwa hiyo hesabu paipu, mipira, silinda za breki na viatu vyake kuwa vitu vipya vya kununua, siyo vya kusafisha. Wakati wa kufungua magurudumu msipulize lile vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa maana viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi na vumbi lake huharibu mapafu. Loweka kwa maji, pangusa kwa kitambaa, kitupe.

Injini ipi?

Hapa ndipo ubishi huanza, kwa sababu kila mtu ana binamu anayejua injini.

Hilux za dizeli za miaka ile zilikuwa na injini za ukoo unaoitwa L. Ile ya 2L ni sisi 2446. Baadaye ikaja 3L yenye sisi 2779, na katika miaka ya 90 ikaja 5L yenye sisi 2986, ambayo wengi wanaijua kutoka kwa matatu za Hiace. Hizi ni ndugu wa tumbo moja. Mahali pa kufungia giaboksi panafanana, kwa hiyo aliye na Hilux ya 2L iliyokufa anaweza kufunga 3L au 5L kwenye giaboksi yake ya zamani bila kukata chuma. Nguvu inaongezeka kwa kiasi, na gari linapanda mlima na mzigo bila kulia.

Injini za kisasa zaidi, kama 1KD iliyo katika Hilux za kuanzia 2005, zina nguvu nyingi sana. Lakini hizo zinaongozwa na kompyuta. Ukiinunua bila kompyuta yake, waya zake zote, na mara nyingine ufunguo wake, umenunua pambo. Tena nozeli zake hufanya kazi kwa presha kubwa mno, nazo hazivumilii dizeli ya mtungi yenye maji na mchanga. Kijijini ambako umeme wa kupimia kompyuta haupo, nani ataitengeneza? Kwa pikapu ya kikundi mimi napendelea 5L au 3L yenye pampu ya kawaida, ambayo ikizima njiani fundi wa soko lolote anajua aanzie wapi.

Mjihadhari na herufi. Toyota huweka herufi E mwishoni mwa jina la injini kuonyesha kwamba mafuta yanapimwa kwa umeme, na T kuonyesha ina tabo. Kwa hiyo 5L na 5L-E si kitu kimoja, wala 2L na 2L-TE. Muuzaji atakuambia "ni ile ile tu." Si ile ile. Soma pampu: ukiona plagi kubwa yenye waya nyingi, hiyo inataka kompyuta. Pampu ya kawaida huwa na waya mmoja au miwili tu, nao huo waya wa kuzimia ndio unaofungua na kufunga mafuta ukigeuza ufunguo.

Injini nyingi za mkono wa pili zinazouzwa Kirinyaga Road na Industrial Area zimetoka Japani au zimepitia Dubai. Mkienda, muende watu watatu: fundi, mweka hazina, na mwanachama mmoja asiye rafiki wa fundi. Samahani kwa kusema hivyo, lakini ndivyo kikundi kinavyolinda fundi na pesa pia. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta povu jeupe kama maziwa, maji yameingia katika oili, acheni hiyo. Zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, isikwame mahali. Omba ipimwe kompresheni, na silinda zote nne zikaribiane. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, kuna valvu au ringi iliyokwisha, hata kama injini imeoshwa ikang'aa kama sufuria mpya.

Kazi yenyewe nyumbani

Injini ya dizeli ya namna hii ina uzito wa kilo 200 hivi au zaidi. Tafadhali isitundikwe kwenye tawi la mwembe. Tengenezeni miguu mitatu ya paipu nzito, mkodishe cheni bloki, na watoto wakae mbali siku hiyo. Betri ifunguliwe kwanza. Oili ya zamani iingie kwenye mtungi, isimwagwe karibu na kisima. Na kama kuna kuchomelea, tangi la mafuta litolewe kabisa. Watu hufikiri tangi tupu ni salama. Kumbe tupu ndilo hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke wa mafuta, na cheche moja yatosha.

Injini iliyotoka katika Hiace haiingii katika Hilux jinsi ilivyo. Sampu ya oili ni ya umbo lingine, na mikono ya kushikilia injini imekaa pengine. Kwa hiyo ile injini ya zamani msiiuze haraka! Toeni sampu yake pamoja na paipu ya kunyonyea oili, mikono ya mauntingi, na pengine manifoldi, mfunge kwenye injini mpya. Nimeona kikundi kilichouza injini mbovu siku ya Jumatatu ili kipate nauli, kisha siku ya Alhamisi kikaanza kuzunguka kutafuta sampu.

Injini ikiwa bado chini, badilisheni taimingi belti na beringi yake. Hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi, hata muuzaji. Ikikatika, valvu na pistoni hugongana na injini yote imekwenda. Huo ndio wakati wa kubadilisha klachi pia na sili ya nyuma ya oili, kwani baadaye itabidi giaboksi itolewe tena kwa kazi ya sili moja. Rejeta ipelekwe kusafishwa, au inunuliwe kubwa zaidi ikiwa ya zamani imeziba. Injini nzuri iliyofungiwa rejeta mbovu hupasuka silinda hedi katika mlima wa kwanza.

Sasa kuna jambo moja ambalo nataka wasomaji wenye Hilux ya petroli walishike sana. Katika gari la petroli, busta ya breki hupata nguvu kwa kuvutwa hewa na injini yenyewe. Injini ya dizeli haivuti hewa hivyo. Katika injini za L kuna pampu ndogo nyuma ya altaneta ambayo ndiyo inayofanya kazi hiyo. Wakati wa kununua, wauzaji wengine hutoa altaneta wauze peke yake, kisha fundi anafunga altaneta yoyote aliyo nayo. Gari litawaka, betri itachaji, kila mtu atafurahi. Halafu siku ya mzigo, mteremkoni, pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Hakikisheni altaneta ina ile pampu, paipu yake ya mpira inafika kwenye busta, na pampu inapata oili. Jaribu hivi: gari likiwa limezimwa, kanyaga breki mara tano mpaka pedali iwe ngumu, ushikilie, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, gari lisitoke nje ya uwanja.

Kutoka petroli kwenda dizeli kuna na mengine: tangi lisafishwe kabisa, na kuwe na paipu ya kurudishia mafuta kwenye tangi. Pia plagi za kupasha moto zisomwe volti zake, maana kuna aina zaidi ya moja na ukizipa umeme mwingi zinaungua mara moja.

Makaratasi

Hapa ndipo pikapu iliyofufuliwa hukamatwa ikawa mali ya kulala kituo cha polisi. Logbook ina namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Ukibadilisha injini na usibadilishe logbook, gari halilingani na karatasi zake, na polisi hana njia ya kujua kama injini ni ya wizi. Usajili uko chini ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na maombi siku hizi hufanywa kupitia eCitizen. Gari hukaguliwa kwanza, kisha logbook hubadilishwa. Kwa hiyo siku ya kununua injini daini risiti yenye jina la duka na namba ya injini, pamoja na karatasi za forodha zinazoonyesha iliingia nchini kihalali. Ukitoka dukani bila hizo, hutazipata tena. Duka likikataa kuzitoa, tafuteni duka lingine hata kama bei ni nafuu.

Mjulishe pia kampuni ya bima kwa maandishi. Na pikapu inayobeba mizigo kwa biashara hukaguliwa kila mwaka, hivyo pesa ya ukaguzi iwekwe katika hesabu.

Kuhusu hesabu, kamati nyingi huandika mstari mmoja: "injini." Mimi huwaomba waandike mistari mingine mingi chini yake: breki, matairi, klachi, belti, betri, rejeta, mipira ya maji, oili, usafiri wa injini kutoka mjini, cheni bloki, chakula cha mafundi, ukaguzi, logbook. Mara kwa mara hivyo vidogo vikijumlishwa hushinda bei ya injini yenyewe. Kama pesa zinatosha injini tu, ni afadhali zikae Sacco miezi sita zaidi kuliko injini kukaa uani chini ya turubali huku panya wakila waya. Na malipo ya fundi yaandikwe: kiasi wakati wa kuanza, kiasi injini ikiwaka, na cha mwisho baada ya ukaguzi kupita.

Siku ya kuwasha, jaza maji na oili, kisha toa hewa katika mafuta kwa kupampu kile kitufe cha mkono kilicho juu ya filta mpaka kiwe kigumu. Usiikomoe stata kwa dakika nzima. Sekunde kumi, pumzika, rudia. Ikiwaka, iache ingurume taratibu na mtu atazame chini kama kuna tone. Wiki ya kwanza pikapu itembee bila mzigo, karibu na nyumbani, na kila jioni fundi akaze bolti za mauntingi na kuangalia maji na oili. Baada ya hapo mwage oili na ubadilishe filta, ndipo maziwa yapakiwe.