Punje ikilia jinoni, mahindi yamekauka?

Wafanyabiashara wengi wa nafaka huamini hivyo. Lakini Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya kuvu wanaostawi penye unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Basi lijaribu jino lako. Chota punje kutoka magunia 10, uzipe namba. Mwenzako azing'ate bila kujua zimetoka gunia gani, aandike: "kavu" au "bado". Kisha zipime zote kwa kipima unyevu, ulinganishe majibu. Rudia kwa mzigo mwingine. Jino likikosea hata gunia moja, afadhali ulijue ghalani kuliko mpakani.