Risasi si Moja: Uteuzi wa Viasi Vidogo vya Bunduki Nyepesi za Kuwindia

Neno risasi lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni yale madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu. Katika Kiswahili, neno hilo hilo hutaja madini yenyewe, kitu kinachoruka kutoka mtutuni, na pia kifurushi kizima kinachopachikwa bundukini. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba suala la mwindaji kuteua kifurushi kinachofaa haliwezi kuelezwa barabara bila kuzitenganisha maana hizo.

Kifurushi hicho kina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au chuma, fataki inayowasha, baruti inayosukuma, na risasi inayosukumwa. Kamusi za kale ziliyaita yote hayo kwa pamoja kiasi cha bunduki. Istilahi hiyo inafaa kufufuliwa, kwani anachoteua mwindaji hasa ni kipimo: risasi ya uzito gani, kwa baruti kiasi gani.

Aghalabu anayeanza hutazama upana wa risasi pekee. Hapo ndipo hupotoka. Tuchukue viasi vitatu: .22 Long Rifle cha mwaka 1887, .222 Remington cha mwaka 1950 na .223 Remington cha mwaka 1964. Risasi za vyote vitatu zina upana wa takriban milimita 5.7. Isitoshe, viwili vya mwisho hutumia risasi ya upana ule ule wa inchi 0.224, tarakimu zilizomo katika majina yao ni majina tu, wala si vipimo. Hata hivyo, kiasi cha kwanza hurusha risasi ya gramu 2.6 kwa kasi ya takriban mita 380 kwa sekunde, ilhali cha tatu hurusha gramu 3.6 kwa takriban mita 990. Kwa kuwa nishati huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, tofauti baina yao ni takriban jouli 190 kwa 1,760, yaani mara tisa hivi. Cha kwanza kinamtosha sungura aliye karibu. Cha tatu humfikia mbweha aliye mbali, na bado hakimpigi mlengaji teke kali begani hata bunduki ikiwa nyepesi.

Kosa la uteuzi hulipwa na mnyama, ambaye hukimbia na jeraha na kufa polepole. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1991 inayohusu kulungu katika Uingereza na Wales haikutosheka na upana. Kwa kulungu wengi, bunduki sharti iwe na kipenyo kisichopungua inchi 0.240 na nishati isiyopungua takriban jouli 2,300. Viasi vyetu vyote vitatu havifikii masharti hayo.

Aidha, kiasi sharti kioane na mtutu. Michirizi ya ndani huizungusha risasi ili isiyumbe hewani, na kadiri risasi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyohitaji mzunguko wa haraka zaidi. Jambo hili limepata uzito mpya tangu jimbo la California lilipopiga marufuku matumizi ya madini ya risasi katika uwindaji wote, kuanzia Julai 2019. Shaba ni nyepesi kuliko madini hayo. Kwa hivyo risasi ya shaba yenye uzito ule ule huwa ndefu zaidi, na huenda mtutu wa zamani usiimudu.

Msomaji makini ameona kitendawili: risasi isiyo na risasi. Nchini Kenya, ambako uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, wengi wetu tutakutana na mada hii katika tafsiri tu. Lakini mfasiri anayeandika risasi kwa kila kitu atamwambia msomaji abadilishe madini pale alipopaswa kubadilisha kiasi. Tuseme basi madini ya risasi, risasi na kiasi, kila neno mahali pake. Kama mwindaji, mfasiri naye ana wajibu wa kujua anachokilenga kabla ya kufyatua.