Mpaka Usiosemwa: Masharti ya Mpaka katika Hesabu za Mkondo wa Umeme

Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba mpaka ni mahali shamba la mtu linapoishia na la jirani yake linapoanza. Katika hesabu za umeme neno hilo halibadiliki maana, ila mgogoro wa mpaka haupelekwi kwa chifu: hujificha ndani ya jibu la kompyuta, tena jibu lenye sura nzuri. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kosa la namna hiyo linavyozaliwa na jinsi linavyotafutwa, kwa mfano wa tangi la kutolea shaba kwa umeme, kama yale yaliyojengwa Shituru huko Likasi na Luilu karibu na Kolwezi.

Mbinu yenyewe inaitwa mbinu ya vipande vyenye kikomo. Courant aliwahi kutumia wazo la pembetatu katika maandishi yake ya mwaka 1943, na Clough ndiye aliyeipa mbinu jina lake mwaka 1960. Tangi lote hugawanywa vipande vidogo vinavyoshikana kwenye mafundo, kama wavu wa mvuvi. Katika kila fundo hutafutwa volteji moja, kwa kufuata kanuni ya Ohm ya mwaka 1827 pamoja na kanuni kwamba mkondo unaoingia mahali haupotei, bali sharti utoke. Lakini kanuni hizo zinaeleza mambo ya ndani tu. Ukingoni ni mtumiaji anayepaswa kusema, na anayoyasema huitwa masharti ya mpaka. Istilahi hii ni bora kuliko ilivyokusudiwa, kwa kuwa katika Kiswahili "sharti" hutaja jambo na papo hapo huliamuru.

Masharti ya kawaida ni mawili. La kwanza, linaloitwa kwa jina la Dirichlet, hutaja volteji ya ukingo; la pili, la Neumann, hutaja mkondo unaovuka ukingo huo. Sasa, ni nini hutokea pale mtumiaji asiposema lolote? Hapa ndipo penye chanzo cha makosa mengi. Kwa namna milinganyo ya mbinu hii inavyoundwa, ukingo usiotajwa huhesabiwa kuwa ukingo usiovukwa na mkondo, yaani kihami kamili. Kompyuta haiulizi wala haionyi. Kwa ukuta wa tangi kimya hicho ni sahihi kabisa, na pengine ndiyo sababu watu wamekizoea. Lakini uso wa kathodi ukisahauliwa, bamba ambalo shaba ingejikusanya juu yake linageuka ukuta. Mkondo utatafuta njia nyingine, na picha yake ya rangi bado itapendeza.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo lina heri kwa kuwa hupiga kelele. Mtumiaji ametaja mkondo kwenye kila ukingo, na volteji hakuitaja popote. Kompyuta inakataa, au inatoa namba kubwa zisizo na maana. Sababu ni nyepesi: mkondo huletwa na tofauti ya volteji, na tofauti haibadiliki hata volteji zote zikiongezwa kiasi kilekile. Majibu yanakuwa mengi bila hesabu. Dawa ni kuchagua fundo moja na kulipa volteji ya sifuri.

Kosa la tatu ni la kifizikia zaidi, nalo ndilo gumu kuliko yote. Tangi la kutolea shaba hupewa volti 2 hivi kati ya anodi ya risasi na kathodi. Mwanafunzi huandika volti 2 upande mmoja na sifuri upande wa pili. Tuseme maji ya asidi yana upitishaji wa siemensi 60 kwa meta na nafasi kati ya mabamba ni sentimeta 4: hesabu itatoa ampea 3000 kwa kila meta ya mraba. Kiwandani huwa ni 300 hivi. Programu haikukosea, sharti ndilo lililosema uongo. Sehemu kubwa ya zile volti 2 hutumika kwenye nyuso za mabamba, katika mabadiliko ya kikemia yenyewe, na maji ya asidi hubakiwa na sehemu ndogo, kama volti 0.2. Hivyo hapa linahitajika sharti la aina ya tatu, linalofungamanisha mkondo unaovuka uso wa bamba na mruko wa volteji mahali hapo.

Mtu atayagunduaje haya? Kipimo cha kwanza ni kujumlisha mkondo unaoingia na unaotoka. Visipolingana, kuna ukingo uliosemwa vibaya au wavu mpana mno. Kipimo cha pili ni kujaribu umbo ambalo jibu lake linajulikana. Fimbo ya shaba ya meta 1, yenye mkato wa sentimeta 1 ya mraba, ina ukinzani wa ohmu 0.00017 hivi, volti 1 hupitisha karibu ampea 5800. Programu ikijibu ampea milioni 5.8, milimeta zimesomwa kama meta.

Ipo pia mipaka ya ndani. Vipande viwili vilivyochorwa mbalimbali vinaweza kugusana machoni bila kushiriki mafundo. Basi kati yao umezaliwa mpaka usiosemwa, nao, kama ilivyoelezwa, ni kihami.

Mwisho, si kila jambo la ajabu ukingoni ni kosa. Pale bamba linapokoma na kihami kuendelea katika uso uleule, hesabu ya volteji ya bamba iliyotajwa huonyesha msongamano wa mkondo ukizidi kila wavu unapofanywa mdogo, bila kutulia. Mlinganyo wenyewe ndivyo ulivyo katika sehemu hiyo. Jumla ya mkondo hutulia, na ndiyo ya kusomwa.