Wembe wa Kwanza: Neno, Chombo na Kumbukumbu

1.0 Utangulizi

Makala haya yana nia ya kueleza neno wembe pamoja na chombo kinachoitwa kwa neno hilo, hasa wembe wa kukunja, yaani ule wenye bapa refu la chuma cha pua linalolazwa ndani ya mpini. Mfano unachukuliwa Kasindi, mji wa mpakani katika Kivu ya Kaskazini, ambao ng'ambo yake, baada ya mto Lubiriha, ni Mpondwe ya Uganda. Hapo Kiswahili hukutana kila siku na Kinande, Lukonzo, Kifaransa na Kiingereza, na kinyozi humhudumia mpita njia asiyemjua jina wala kwao. Katika hali hiyo swali la mteja, "Wembe ni mpya?", si swali dogo. Itaonekana kwamba neno lenyewe linafanya jibu lisiwe wazi.

2.0 Umbo la neno

Wembe ni nomino ya ngeli ya 11, na wingi wake ni nyembe, kama ilivyo wimbo na nyimbo. Kiambishi u- hugeuka kuwa w- mbele ya irabu, na katika wingi hujitokeza ny-. Kinyarwanda kina urwembe kwa maana ile ile. Ndani ya Kiswahili chenyewe, wembe unafanana kwa umbo na jembe. Na jembe, likipewa ki- ya udogo, hutoa kijembe, yaani kisu kidogo, na pia neno la kumchoma mtu. Ukaribu wa kulima na kunyoa hauonekani katika Kiswahili peke yake: Kikuyu hutumia kitenzi kimoja, kwenja, kwa maana ya kuchimba na ya kunyoa.

Kitenzi nyoa nacho kina historia yake. Sauti l iliyopotea katika nyoa hurudi katika nyolewa na nyolea, na hugeuka z katika kinyozi, kama vile lea hutoa mlezi na okoa hutoa mwokozi. Kinyozi ana kiambishi cha ki-, lakini husemwa "kinyozi amekuja", kwa kuwa ni mtu.

Mnyambuliko huu unafuata pia mpangilio wa maisha. Mtu huanza kwa kunyolewa, ndipo ajue kujinyoa. Na wachache tu hufikia kuwanyoa wengine. Huko pwani, mtoto wa Kiislamu hunyolewa nywele siku ya saba, wakati wa akika. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu wafiwa hunyolewa matanga yanapomalizika. Kwa hiyo wembe wa kwanza kabisa huchaguliwa na wengine. Ule anaouchagua mtu mwenyewe huja baadaye, ndevu zinapoota, na huo ndio anaoukumbuka.

3.0 Kuchagua

Kabla ya King Camp Gillette kuanzisha kampuni yake mwaka 1901 na kupata hataza mwaka 1904, wembe ulikuwa chombo cha miaka mingi. Miji ya Sheffield huko Uingereza, Solingen huko Ujerumani na Thiers huko Ufaransa ilijulikana kwa kazi hiyo. Anayechagua wembe wa kukunja hutazama mambo manne. Kwanza ni makali: huyaelekeza kwenye mwanga ili kuona kama yana pengo, kwani pengo likizidi kimo haliondoki kwa kunoa. Pili ni mgongo wa bapa, ambao haufai kuwa umelika upande mmoja. Tatu ni mpini: wembe ukikunjwa, makali yaingie katikati bila kugusa kuta za mpini. Nne ni upana, ambao hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. 5/8 humfaa anayeanza, kwa kuwa si mzito wala haulegei mkononi.

Kuununua ni mwanzo tu. Wembe hunolewa juu ya kinoo mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na hivyo mgongo ndio unaoshika pembe inayotakiwa. Kabla ya kila kunyoa hupitishwa juu ya ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia; makali yakitangulia, ukanda hukatika. Usoni hulazwa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na ngozi huvutwa kwa mkono wa pili.

4.0 Kukumbuka

Methali isemayo "Mtoto akililia wembe, mpe" inaeleza jinsi kumbukumbu ya wembe wa kwanza inavyojengeka. Mtoto hufundishwa na mkato. Kwa hiyo anayesimulia wembe wake wa kwanza mara nyingi huanza na kovu, kisha ndipo amtaje aliyempa. Methali nyingine, "Kinyozi hajinyoi", hukumbusha kwamba hata fundi huhitaji mkono wa mwenzake.

Lakini methali ya kwanza inachukulia kwamba mkato ni wa mwenye kukatwa peke yake. Leo inajulikana kwamba sivyo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho yatosha kuvipitisha. Aidha, Beni na Butembo hazijasahau mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Mwezi wa Juni 2019 ulivuka mpaka na wagonjwa wakathibitishwa katika wilaya ya Kasese.

Hapa ndipo swali la mteja wa Kasindi linaporudi. Kifaransa hutenganisha rasoir, yaani chombo kizima, na lame, yaani bapa lenye makali. Kiswahili huviita vyote wembe. Kinyozi mwenye mpini wa kukunja unaobadilishwa bapa aweza kujibu "ni mpya" akiwa na maana ya mpini alioununua juzi, na mteja akaelewa kwamba ni makali. Hakuna aliyesema uongo, lakini mmoja wao amehatarishwa.

5.0 Hitimisho

Hapana haja ya kubuni istilahi ngeni. Lugha inayo tayari maneno mpini, bapa na makali. Ujumbe wa afya usemao "kila mtu na wembe wake" ungeeleweka vizuri zaidi ukisema "kila mtu na makali yake mapya", na mteja angeuliza bila haya, "Umebadilisha makali?" Wembe wa kukunja wa kale, usiobadilishwa bapa, ubaki basi kuwa chombo cha mtu mmoja: achague mwenyewe, anoe mwenyewe, na asiuazime hata kwa ndugu. Methali iendelee kumpa mtoto wembe, mradi uwe wake peke yake.