Kufufua ujuzi wa hifadhidata bila kulipia masomo

Wengi wetu tulipita katika somo la kompyuta, tukafundishwa kutengeneza hifadhidata, yaani kile ambacho kwa Kifaransa tunakiita base de données. Tulifanya mtihani, tukapata pointi, na baada ya mwaka mmoja au miwili mambo yote yakafifia. Sasa kazi ya mwisho wa masomo inakaribia, na maneno tuliyopewa na wazee vijijini yamelala katika faili la Word, ukurasa baada ya ukurasa. Faili kama hilo linasomeka, lakini haliulizwi maswali.

Kwa maoni yangu, kilichosahaulika ni vitufe na menyu tu. Wazo lenyewe mwanaisimu analo. Hifadhidata ya aina hii, ambayo msingi wake uliwekwa na Edgar F. Codd mwaka 1970, ni majedwali yanayohusiana. Kila mstari ni kitu kimoja. Kila safu ni sifa moja ya kitu hicho. Kwetu sisi, mstari ni neno, na safu ni umoja, wingi, ngeli na maana. Sentensi za mfano zinakaa katika jedwali la pili, kwa sababu neno moja linaweza kuwa na mifano kumi. Namba ya neno ndiyo inayounganisha majedwali hayo mawili.

Kuhusu gharama, programu ya Base iliyomo ndani ya LibreOffice ni ya bure, na sheria yake inaruhusu kunakili. Mwanafunzi mmoja akiipakua, wenzake wanaipata kwa fleshi bila kutumia mega zao. Pakueni pia faili la msaada la Kifaransa, ili mjifunze bila intaneti, na Java, kwa maana hifadhidata ya kawaida ya Base inaihitaji.

Ninapendekeza wiki nne, saa moja kwa siku. Wiki ya kwanza, tengeneza jedwali la maneno 50 tu. Ya pili, ongeza jedwali la mifano na uliunganishe. Ya tatu ni ya maswali. Ya nne, tengeneza fomu ya kuingizia data na ujizoeze kuhifadhi nakala. Tumia data yako mwenyewe, si orodha ya wateja na bidhaa iliyo katika vitabu vya mazoezi; mkono unakumbuka haraka kile ambacho akili inakihitaji.

Tuchukue mfano wa Kiswahili. Swali linaandikwa hivi:

SELECT "umoja", "wingi" FROM "maneno" WHERE "ngeli" = '11/10'

Jibu linaleta pamoja ulimi na ndimi, ubao na mbao, ukuta na kuta, uzi na nyuzi. Yakiwa yametawanyika katika kurasa 80, maneno hayo hayasemi kitu. Yakipangwa pamoja, kanuni inajitokeza: nazali inabaki mbele ya b, mbele ya l inabaki pia, lakini inaigeuza kuwa d, mbele ya k inapotea, na shina la silabi moja linatunza u-. Huo ni mwanzo wa sura nzima ya fonolojia, na njia hiyohiyo inafaa kwa Kinande, Mashi au Kilega.

Anayetaka kutunga kamusi anaweza baadaye kuhamia FieldWorks ya SIL, nayo ni ya bure. Aliyezoea majedwali ataielewa upesi zaidi.

Jambo la mwisho: toa pia nakala ya kila jedwali katika muundo wa CSV, kwa usimbaji wa UTF-8, ili alama za toni zisiharibike, na uiweke mahali pawili. Mzee aliyetupatia maneno hayo huenda tusimkute tena tukirudi kumuuliza. Kazi yetu ni kuyaacha katika hali ambayo mwanafunzi atakayekuja baada yetu ataweza kuyauliza maswali ambayo sisi hatukuyafikiria.