Rangi Inayonasa Hologramu

Picha ya kawaida hurekodi nguvu ya mwanga peke yake. Hologramu hurekodi pia awamu, yaani hatua ambayo kila wimbi limefikia linapogusa utando unaorekodi mwanga, ndiyo maana kitu huonekana na kina chake. Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungary, alibuni njia hii nchini Uingereza mwaka 1947 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971, ingawa ilishika kasi baada ya leza kupatikana mwaka 1960.

Mwali wa leza hugawanywa kuwa miwili: mmoja humulika kitu na kuakisiwa kwenye utando, mwingine huenda moja kwa moja kwenye utando. Miali hiyo inapokutana, hutokea mistari ya mwanga na giza. Miali ya nanomita 633 ikikutana kwa pembe ya nyuzi 60, kila milimita hubeba mistari ipatayo 1,580. Meza ikitetemeka kidogo tu, rekodi imeharibika.

Filamu za chumvi za fedha huhitaji kusafishwa kwa kemikali. Utando wa polima yenye rangi hauna haja hiyo, na hapo ndipo ubora wake ulipo: rekodi hujengeka wakati huohuo mwanga unapoingia. Polima hiyo, alkoholi ya polivinili, huyeyushwa katika maji ya moto, rangi ikachanganywa, kisha uji huo humwagwa juu ya kioo kilicholazwa sawasawa na kuachwa ukauke.

Rangi ndiyo inayoamua kila kitu. Bluu ya methilini hufyonza mwanga mwekundu, hivyo huafikiana na leza ya heliamu na neoni. Kwenye mistari yenye mwanga hupokea elektroni na kupauka. Gizani hubaki bluu. Tofauti hiyo pekee hutoa hologramu hafifu: kinadharia, utando mwembamba wa aina hii hugeuza asilimia 6.25 tu ya mwanga kuwa taswira. Ikiongezwa akrilamidi, rangi huanzisha muungano wa molekuli zake ndogo kuwa polima, na zilizobaki huhamia penye mwanga na kubadili jinsi utando unavyopinda miali. Utando mnene wa namna hii waweza kukaribia asilimia 100.

Rangi nyingine, chungwa la methili, ambalo wanafunzi wa kemia hulitumia kupima asidi na besi, hufanya kazi tofauti. Molekuli zake hujikunja na kujinyoosha chini ya mwanga uliopolarishwa, yaani unaotetema upande mmoja tu, hadi zilale mkao usioufyonza tena. Mwaka 1984 watafiti wa Bulgaria, Todorov, Nikolova na Tomova, walionyesha kwamba rekodi hiyo yaweza kufutwa na kuandikwa upya.

Wepesi huo una gharama. Mwanga unaosoma hologramu, ukiwa wa rangi inayofyonzwa, huifuta taratibu. Kwa hiyo rekodi iliyoandikwa kwa leza ya bluu husomwa kwa nyekundu. Kwa kumbukumbu ya kudumu, utando wa akrilamidi ndio bora. Rangi za jamii ya chungwa la methili zinafaa kazi za muda.